Nyuma ya Wauza Ndimu Kavu

Kila Alkhamisi asubuhi Masouda alitoka Darsait, nyumbani kwa shemegi yake Marhoon, akenda soko la Mutrah, Oman, kununua vitunguu na papa mkavu. Wanawake wa Darsait walimwambia soko ni lile la mbele tu, la vitambaa na fedha. Yeye hakuwa mtu wa kuambiwa. Tangu alipokuja kutoka Unguja, mwaka wa mapinduzi, alikwishaijua Mutrah uchochoro kwa uchochoro: wapi tende hupimwa vizuri, wapi chungu hakivuji, na nani kaachwa na nani.

Siku moja, mwaka 1966, alipita nyuma ya wauza ndimu kavu, akakata kushoto, akatokea Mkunazini, mtaa wao wa Unguja. Baraza zilikuwa zile zile, na mtaro ulinuka vile vile. Barazani walikaa wakiuza wale waliotolewa majumbani mwezi ule wa Januari wasirudi. Thabit, mumewe, alikuwa na tungule na mbirimbi. Alivaa fulana aliyotoka nayo. Ilikuwa na tundu kifuani, na Masouda aliona inataka kiraka.

"Hao huulizwa habari mara moja tu, mama," muuza ndimu alimweleza. "Jibu la kwanza ndilo la mwisho. Uliza vizuri."

Masouda alikuwa na swali moja: Thabit yu hai au amekufa? Bila ya jibu hakuwa mke wala mjane. Eda hakukaa, na Mahfoudh, mshona kanzu aliyemposa, alikwishaanza kuchoka. Lakini kadhi asingelipokea neno lake peke yake, kwa hivyo alirudi kumwita Marhoon awe shahidi.

Marhoon, ambaye hakuwahi kutoka Oman, alivaa kilemba chake cha Idi.

"Nnakwambia mapema, shemegi," alisema Masouda njiani. "Muulize: umekufa? Usizunguke."

"Wewe ndo wa kunfunza kusema na ndugu yangu?"

Oman mgeni huulizwa ulumu, habari za atokako, kabla ya kahawa. Naye hujibu hakuna, hata kama nyuma yake mji unaungua. Ndiyo adabu. Marhoon alimpa Thabit mkono, akakaa.

"Ulumu?"

"Hakuna ulumu," alijibu Thabit. "Kheri tu."

"Alhamdulillahi."

"Marhoon! Umenmaliza!"

"Nimemsalimu ndugu yangu. Ulitaka nimvae kama askari?"

Masouda akaingia mwenyewe. "Thabit, umekufa? Nani kakutoa? Wamekuweka wapi?"

Thabit alipanga tungule zake. "Nikupimie kiasi gani?"

"Usijisumbue, mama," alisema muuza ndimu. "Mtaa mzima washaulizwa na ndugu zao. Wote wamejibu hivyo hivyo."

Kadhi alimsikiliza Marhoon, akaamua kuwa habari hakuna, na mke angoje. Darsait nzima ilisimuliwa. Wanawake waliuliza mbirimbi zinauzwaje.

Mahfoudh alioa mwanamke mwengine, mtaa wa Ruwi. Masouda alikwenda harusini, akala, akacheka, akarudi na biriani ya watoto wa nyumbani.

Alkhamisi iliyofuata alichukua sindano. Uzi mweupe ulikuwa umekwisha, akaliziba tundu kwa mweusi. Kisha Thabit akampimia mbirimbi, kwa bei ile ile ya mtu baki.