Kamanda Alazwa Wodini Kwake

Wodi ya wazazi ilimwita Kamanda, ila hakuna aliyethubutu kumwita hivyo akiwa karibu. Alikuwa mkunga wa miaka mingi, mwenye mkono mwepesi na ulimi mkali. Wanawake waliokuwa wakipiga mayowe walinyamaza akipita, na mayowe yakarudi akishatokea mlango wa pili. Mimba yake ya kwanza ilimjia akiwa amekwisha kata tamaa, akaibeba kazini kama mtu aliyetia yai mfukoni: anafanya kila kitu, lakini hasahau.

Kwa hiyo daktari alipopitisha kifaa cha picha tumboni mwake, akarudia, kisha akarudia tena, Kamanda hakuhitaji tafsiri. Alikuwa anaujua ukimya wa daktari yule, ule wa heri na ule wa shari.

"Sema tu," alimwambia. "Hakui."

"Alikuwa anakua, sasa amesimama," daktari alijibu. Alikuwa mwanamke mtu mzima, asiyependa kuzungusha maneno. "Na damu inapita kwa shida kwenye kitovu. Kondo la nyuma limechoka. Umri alionao unatosha, mwenzangu. Tukimwacha humo, tunamwonea. Tuanzishe uchungu."

Kamanda akajisikia akiuliza, "Nimekosa nini? Ni kwa kuwa nilikuwa nasimama sana?"

Swali hilo alikuwa ameulizwa na wanawake wasio na idadi, naye alilijibu huku miguu ikielekea kitanda kingine. Daktari alivuta kiti akaketi. "Hujakosa kitu," alisema, na hakuondoka mpaka Kamanda alipomaliza kufuta macho.

Mama yake alifika na kapu la nguo, sura imekunjamana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wanakukimbiza wapi hawa? Siku zako hazijatimia. Ninyi wote mlikuja mlipotaka wenyewe. Tunda halivutwi, mwanangu, huachwa likaiva."

"Hili linanyaukia mtini, mama."

Bi mkubwa akaweka kapu chini. "Una maana humo ndani ana njaa?"

"Anakula, ila hashibi."

"Basi mnangoja nini?" Alimgeukia daktari kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akichelewesha. "Mtoeni!"

Mume wa Kamanda, fundi bomba, alikuwa amesimama mlangoni akiikunja kofia yake mpaka ikawa kama kitambaa cha jikoni. "Kwa nini wasikupasue tu, yaishe?"

"Kupasuliwa si kufungua koki, baba. Kichwa kimeelekea chini, moyo unapiga vizuri. Tujaribu njia yake kwanza. Ikikataa, kisu kipo," Kamanda alimjibu.

Yeye mwenyewe alitaka vidonge vya kuleta uchungu. Alivijua, vina mwendo, na alitaka jambo liishe. Daktari akatikisa kichwa.

"Vina mwendo, kweli. Lakini kidonge kikishayeyuka, hukirudishi. Uchungu ukija mfululizo, mtoto hapati nafasi ya kuvuta pumzi. Mtoto mnene ana akiba, atavumilia. Huyu wako hana. Nataka tuanze na mpira, mrija wenye puto, ufungue mlango wa kizazi taratibu bila kuugutusha mfuko wa uzazi. Mambo yakiharibika, nautoa." Akainama kidogo. "Niambie. Ningekuwa mimi nimelala hapo na wewe umesimama hapa, ungenipa nini?"

Kamanda alitazama dari. "Mpira," alisema hatimaye.

"Haya basi."

Aliyepewa kazi ya kuuweka alikuwa mkunga kijana, mwanafunzi wake mwenyewe, ambaye wodi nzima ilimwita Redio kwa kuwa hakuwa na mahali pa kumzimia. Mara ngapi Kamanda alikuwa amemfokea kwamba mgonjwa hahitaji taarifa ya habari! Siku ile pia, Redio akivaa glavu, mdomo ulikuwa kwenye zamu yake.

"Sasa naingiza mrija, dada, ni mwembamba na laini, legeza magoti. Vivyo hivyo. Sasa nalijaza puto maji, linavimba huko ndani. Utasikia kama hedhi inabisha hodi. Nikikuumiza niambie."

Kamanda alizijua hatua zote hizo kuliko msemaji. Hata hivyo, Redio aliponyamaza kidogo kufunga mrija pajani, yeye ndiye aliyesema, "Endelea."

Asubuhi iliyofuata, Kamanda akielekea bafuni, mpira ulidondoka wenyewe. Mlango ulikuwa umefunguka kiasi cha kutosha kazi kuendelea. Daktari alipasua chupa ya uzazi, maji yakatoka safi, kisha wakamtundikia dripu ya kuongeza uchungu, tone kwa tone. Mikanda miwili ya mashine ya kupimia moyo wa mtoto ikafungwa tumboni, na chumba kikajaa mapigo ya moyo, mbiombio kama miguu ya mtoto anayekimbia sakafuni.

Uchungu ukaja. Mama yake alimsugua mgongo, naye Kamanda akawa anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kuzaa na kukagua. Kila mkazo ulipopanda alitega sikio, uliposhuka alitega tena. Hakuupumzisha hata ukope.

Kisha ukaja mkazo mmoja mrefu, na ile miguu sakafuni ikaanza kuchoka. Ikatembea. Ikakokota. Redio, aliyekuwa akisimulia habari za jirani yake na kuku, alinyamaza katikati ya sentensi.

Ukimya huo ulimtisha Kamanda kuliko mashine. Alifungua kinywa atoe amri, maumivu yakaimeza amri yote. Redio alikuwa amekwisha funga dripu.

"Geukia ubavu wa kushoto, dada. Bibi, mshikie goti."

"Kuna nini?" mama yake Kamanda aliuliza. Redio alibonyeza kengele ya kumwita daktari, macho yake hayakutoka kwenye mashine.

"Sema, Redio," Kamanda alinong'ona. "Sema chochote, ila sema."

Redio akashusha pumzi. "Moyo wake umeshuka. Nimefunga dripu, tunamsubiri apumue. Asipopanda tunakwenda chumba cha upasuaji, na mimi nitakuwa kichwani pako. Bado yuko chini. Bado... anapanda. Anapanda, dada. Huyo, amerudi!"

Daktari aliingia akihema, akasoma karatasi ya mashine, akaweka kiganja tumboni na kungoja mkazo uliofuata. Moyo ulitikisika kidogo, ukaendelea kupiga imara. "Dripu ikae hivyo hivyo imefungwa," alisema. "Uchungu umekwisha jua njia. Tusimkimbize."

Waliendelea hivyo, mkazo na pumziko, mkono wa daktari ukiwa karibu. Kamanda alifumba macho. Mapigo akamwachia Redio ayasikilize.

Mtoto alizaliwa mchana, wa kike, mikono kama vijiti, ngozi imemlegea kama gauni la kuazima. Lakini alipolia, waliokuwa ukumbini walidhani wamezaliwa wawili. Walimkausha, wakampima sukari, wakamlaza kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, na kumvisha kofia iliyomfunika hadi nyusi.

"Mwili sijui wa nani," bibi alisema akicheka na kulia, "lakini kelele ni zako."

Kamanda aliomba aonyeshwe kondo. Redio akalileta kwenye beseni. Lilikuwa dogo, lenye mabaka magumu meupe huku na huku. Maishani alikuwa amekagua makondo mengi, kama yametoka mazima au yamebakiza kipande, kisha akapita. Hili alilitazama kwa muda mrefu.

"Lilijitahidi," alisema.

"Unaongea na nani?" mama yake aliuliza.

"Na yaya wake wa kwanza."

Fundi bomba aliingia amenawa mpaka viwiko, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyealikwa kwa makosa. Kamanda alimfungulia vifungo vya shati, akamhamishia mtoto kifuani, akawafunika wote wawili.

"Mpumulie taratibu. Kofia isimvuke. Akibadilika rangi, mwite Redio."

"Na wewe?"

Kamanda alikuwa amekwisha lala.