Kiganja cha Papa François

Kalenga alikuwa mwana wa Mwepu, katekista aliyepiga kengele ya kanisa miaka ishirini na minane bila kuchelewa hata siku moja. Mwepu alikuwa mwana wa Kasongo, fundi wa reli. Kasongo alikuwa mwana wa Ilunga, ambaye watu walivuka mto kumtafuta awaamulie ugomvi wao, kwa kuwa hakujulikana kusema uongo. Majina hayo Mzee Kalenga aliyataja kila Jumapili kabla ugali wa bukari haujaguswa, na wajukuu waliyasikiliza huku mboga zikipoa. Mwisho alilitaja jina lake, akaitazama nishani iliyoning'inia ukutani, na wote wakaitazama.

Nishani ilikuwa ya mwaka 1986, bomba la mvuke lilipopasuka kiwandani na watu wanane wakiwa ndani. Mmoja wao alibaki nyuma, akalizungusha gurudumu la chuma la kufungia mpaka mvuke ukakoma. Mtaa mzima wa Likasi alikoishi ulijua kwamba mtu huyo alikuwa kapita, yaani msimamizi wa kikosi, Kalenga.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, shule ya mjukuu wake Laure iliamua kuuigiza mkasa huo. Laure alikuwa na miaka kumi na saba na alipewa nafasi ya kapita. Mazoezi yalifanyika kila siku saa tisa alasiri katika ukumbi wa parokia, na mwalimu Gauthier alikuwa na utaratibu mmoja asioulegeza. Mazoezi yakiisha, waigizaji walikaa kwa duara, na kila mmoja alieleza amechukua nini siku ile, kwa nani, na kama aliomba. Kuomba kulikuwa lazima, maana kilichochukuliwa sawasawa kilimtoka mwenyewe kikahamia kwa mwigizaji. Rolly alichukua kikohozi cha Ibrahim, mwenye duka la mikate, na Ibrahim akalala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Aliuliza kama mchezo hauwezi kurefushwa. Deborah alichukua mwendo wa shangazi yake Jenny akiwa na beseni kichwani, na Jenny akalibeba beseni lake mikononi wiki nzima, akinung'unika njia yote ya sokoni. Baada ya onyesho kila kitu kingerudishwa. Wazazi walitia sahihi karatasi ya kukubali.

Mzee Kalenga alitia sahihi siku ile ile, kwa mwandiko wa mshazari aliofundishwa misheni, kisha akaanza kungoja kuchukuliwa.

Alivaa koti na tai. Alikaa barazani, mgongo wima, nishani kifuani. Laure alikuja na daftari siku tatu mfululizo kabla ya mazoezi, akamsikiliza akisimulia mvuke, akaufuatisha mkono wake ulivyopanda na kushuka. Siku ya nne hakuja. Alipenya kwenye pengo la ua na kuingia lupangu, kiwanja cha nyumba ya jirani, mkononi akiwa na sukari iliyofungwa kwenye karatasi.

Jirani huyo alikuwa François, ambaye watoto wa mtaa walimwita papa, yaani baba, na aliyewahi kufanya kazi kiwandani chini ya Kalenga; mtu wa kufuga bata na kuchelewa misa. Muda si muda kicheko cha Laure kikavuka ua. Mzee Kalenga alisogeza kiti chake karibu na ua, akakisogeza tena. Katika miaka kumi na saba mtoto yule hakuwahi kucheka hivyo mbele yake, naye hakuwahi kumwomba acheke. Lakini sasa aliona ameibiwa.

"Ulikuwa kwa François," alisema wakati wa chakula.

"Ndiyo, nkambo. Natafuta mukono ya kapita."

"Mkono wa kapita ni huu." Akaunyoosha juu ya meza.

Laure aliuangalia kwa adabu. "Hii naijua, nkambo," alisema, akamwongezea mboga.

Siku iliyofuata Mzee Kalenga alikwenda ukumbini na kukaa safu ya mbele. Gurudumu la kufungia lilikuwa gurudumu la baiskeli lililopigiliwa kwenye nguzo. Laure alilikamata na kulizungusha mara moja, mara mbili, na mara ya tatu kovu la moto likatokea kiganjani mwake, kutoka kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, jeupe, linalong'aa. Gauthier alimwambia atumie mkono wa kushoto mpaka ngozi izoee. Mazoezi yakaendelea.

Kwenye duara, mwalimu aliuliza kama kawaida: "Laure. Nini, na kwa nani?"

"Kiganja. Kwa papa François. Niliomba. Alisema: 'Kamata, mwanangu, imechoka kukaa na minye.'"

Rolly alicheka, akakohoa kikohozi cha Ibrahim. "Ee Laure! Nkambo yako iko pale na medali na kravati, weye unaenda kwa mwenye mabata?"

"Kwa nkambo nilijaribu siku tatu," Laure alijibu polepole, kama mtu anayetafuta neno lenye haki. "Nilikamata gurudumu kwa mukono yake, halikuzunguka. Mukono yake ni ya kupokea. Ni nzuri sana ile. Nitaichukua kwa tukio la mwisho, pale mkurugenzi anatoa medali."

"Uliomba?" Gauthier aliuliza.

Laure aligeuka kuelekea safu ya mbele. "Nkambo, naomba."

Watoto wote walimtazama. Mzee Kalenga, aliyengoja kuombwa tangu siku ya karatasi, alijikuta ameinamisha kichwa kukubali. Hakuna aliyeshangaa. Mwalimu aliandika katika daftari lake: kufunga: François; kupokea: Kalenga.

Mzee Kalenga alitoka ukumbini akaenda moja kwa moja kwa jirani yake. François alikuwa akiwamwagia bata maji, na kiganja chake cha kulia kilikuwa laini kama cha mtoto mchanga.

"Miaka karibu arobaini umenyamaza," Kalenga alisema. "Leo unaongea kwa mkono."

"Minye? Mutoto alikuja na sukari, tukaongea mambo ya bata." François aliweka ndoo chini. "Kapita, ripoti iliandika nani?"

"Mimi. Wewe ulikuwa hospitali, mkono umefungwa bandeji. Niliandika kwamba kikosi cha Kalenga kilifunga mvuke. Hakuna uongo hapo."

"Na mkurugenzi alipouliza kama ni weye?"

Kalenga alitazama bata. Siku ile mbele ya mkurugenzi pia alikuwa ametazama kitu kingine, dirisha.

"Nataka anichekee kama anavyokuchekea wewe," alisema hatimaye.

"Basi umuchekeshe, Kalenga," François alijibu, akarudi kwenye ndoo yake.

Onyesho lilikuwa Jumamosi, na ukumbi ulijaa. Laure alifunga mvuke kwa mkono mmoja na kupokea nishani kwa mwingine, na watu wakasimama kupiga makofi. Kisha paroko akatangaza, kama ilivyoandikwa kwenye tangazo, kwamba mchezo ni maisha ya shujaa wetu Mzee Kalenga, akamletea maua. Mkono wa kulia wa mzee haukunyooka. Ulibaki gotini, bila maumivu, bila nia. Paroko akayalaza maua mapajani pake na makofi yakaongezeka. François alipiga makofi pia, safu ya nyuma, karibu na mlango, kwa kuwa alichelewa.

Jumapili, baada ya misa, vitu vilirudishwa. Ibrahim alipokea kikohozi chake kwa uso uliokunjamana. Jenny aliweka beseni kichwani akaenda zake. Laure alimrudishia babu yake mkono wa kupokea, kisha akapenya kwenye pengo la ua. Alirudi na kovu.

"Amekataa," alisema. "Anasema kwake halikuwa na mtu wa kuliangalia."

Wakaketi kula. Mzee Kalenga alisimama akamtaja Mwepu aliyepiga kengele, akamtaja Kasongo wa reli, akamtaja Ilunga ambaye hakujulikana kusema uongo. Alipolifikia jina lake aliitazama nishani, kama kila Jumapili. Laure alikuwa ameweka mkono wa kulia mezani, kiganja juu. Wajukuu wadogo hawakuutazama ukuta. Walikitazama kiganja, na mdogo kuliko wote alinyoosha kidole, akaligusa kovu, akakivuta kidole haraka kwa sababu lilikuwa bado la moto.

Mzee Kalenga alingoja wainue macho. Hawakuyainua. Alipokea glasi ya maji aliyopewa na Laure, akainywa yote, akaiweka chini kwa kishindo.

"Ninyi vijana," alisema, "mzee anapotaja wahenga wake, hutazamwa mzee. Inueni vichwa. Naanza tena tangu Mwepu, na safari hii mnisikilize."