Hodi, Shangazi

Gari la baba tuliliita Shangazi kwa sababu lilikuwa na tabia zote za shangazi. Lilikuja lilipotaka, likinuna halikubembelezeka, na likiamua kuondoka halikumngoja mtu. Rangi yake ni ya chai ya maziwa. Lilitupeleka shule, mimi na kaka yangu, likambeba mama safari yake ya mwisho, kisha baba akaliegesha kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba, akasema limechoka, liachwe lipumzike. Kuku wakahamia humo.

Mwaka jana baba alipatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulilala, na maneno yakamwisha mdomoni isipokuwa matatu: "basi", "mama" na "hodi". Mtaalamu aliyemfundisha kusema tena alituambia kwamba mzee anaelewa kila kitu, tumpe nafasi tu. Mimi nilimwamini. Kaka hakumwamini, na ugomvi wetu ulianzia hapo.

Alikuja kutoka mji anakofanya kazi, akasimama sebuleni mbele ya kiti cha baba, akaanza kusema nami juu ya kichwa cha mzee.

"Nimemwandalia chumba kwangu. Nyumba hii tuipangishe. Na lile kopo la bandani, nimeshazungumza na mtu wa vyuma chakavu."

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Nimuulize nani? Mzee hayupo tena, tusidanganyane. Nikimuuliza ataniambia hodi."

Baba alikuwa anamtazama. Mimi nina hasira za karibu, na walioniita Pilipili tangu utotoni hawakunionea. Nilitaka kumrushia kaka kitu, ila mkononi nilikuwa na bakuli la uji wa baba.

"Shangazi akitoka getini kwa magurudumu yake mwenyewe," nikasema, "baba habanduki hapa. Mimi nahamia humu kumtunza."

"Na asipotoka?"

"Umchukue."

Neno likishatoka halirudi. Kaka alinitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani, akacheka kidogo. "Sawa. Mwisho wa mwezi nakuja na mtu wa vyuma. Lakini la kuvunda halina ubani, mdogo wangu."

Basi nikamwendea Bisibisi. Huyu ni fundi magari mwenye gereji ng'ambo ya barabara, na jina lake linatokana na bisibisi anayoichomeka nyuma ya sikio kama makarani wanavyochomeka kalamu. Alizunguka Shangazi, akapiga teke tairi, akafungua boneti na kukuta kiota chenye mayai.

"Dada," akasema, "hapa tuanze na kuhamisha wapangaji."

Tulihamisha wapangaji. Bisibisi alishusha tangi la petroli, akamwaga uji wa kutu uliokuwa ndani, akaliosha mpaka maji yakatoka meupe. Alibadilisha betri, plagi, breki na kila mpira uliokauka. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo viti vilikuwa vyangu. Nilichana vitambaa vilivyooza na chini yake nikakuta kifungo cha sare ya shule, ganda la peremende na kibanio cha nywele cha mama. Nililia palepale, mkasi mkononi, na Bisibisi akajifanya anatafuta spana. Kisha nikashona viti upya kwa ngozi ya bandia ya kahawia, mishono miwili miwili, na sindano za cherehani zikavunjika hadi nikaacha kuzihesabu.

Kila alasiri nilimtoa baba na kiti chake cha mbao chenye mikono, nikamkalisha karibu na mlango wa banda aone kazi. Alifuata kila kitu kwa macho. Bisibisi alipopaka rangi mlango, baba aliinua kidole cha mkono wa kushoto kuonyesha mahali palipotiririka, na kweli palikuwa pametiririka. Nikasema moyoni, kaka angekuwepo aone.

Tatizo likaja kwenye kuwasha. Injini ilizunguka vizuri, ikakohoa, ikakataa kushika.

"Petroli haifiki," Bisibisi akasema.

"Si umeosha tangi?"

"Tangi nimeosha, bomba nimepuliza. Pampu yenyewe, iko kule nyuma kwenye buti, niliipima mezani kabla sijaifunga. Ilifanya kazi safi."

"Hodi," akasema baba.

"Karibu, baba," tukajibu sote wawili bila kuinua kichwa. Ndivyo mtu anavyofanya. Ukisikia hodi unajibu karibu, hata ukiwa usingizini.

Bisibisi alifungua bomba lote tena, akalibadilisha. Hakuna kitu. Tukajaribu tena kesho yake, na siku zilizofuata. Kila injini ilipokataa, baba alisema hodi, nasi tukamkaribisha. Bisibisi ana adabu, hata aliongeza, "Karibu sana, mzee wangu." Siku moja nilikuwa nimechoka, nimejichoma kidole na sindano, nikamgeukia baba.

"Hodi ya nini, baba? Hapa si ni kwako?"

Alifumba macho. "Basi," akasema. Usiku ule nilianza kuogopa kwamba huenda kaka yuko sahihi. Huenda nilikuwa nampigania mtu aliyekwisha ondoka.

Mwisho wa mwezi ukafika. Kaka alikuja asubuhi, na nyuma yake lori la mtu wa vyuma chakavu likasimama getini na minyororo yake. Shangazi alikuwa anang'aa kuliko siku aliyonunuliwa. Kaka alishika mlango, akapapasa kiti, nikaona uso wake unabadilika. Nikaingia nikakaa kwenye usukani. Bisibisi akashika boneti, akaniashiria. Nikazungusha ufunguo.

Injini ilizunguka, ikazunguka, ikazunguka. Nikaacha. Nikajaribu tena mpaka betri ikaanza kulalamika.

"Inatosha," kaka akasema. Wala hakufurahi, hilo nakiri. "Umejitahidi, mdogo wangu. Kwa kweli umejitahidi."

Akaenda kwa baba, niliyekuwa nimemkalisha pale pale karibu na mlango wa banda. Akapitisha mikono chini ya makwapa yake amwinue, kimya, kama mtu anayehamisha meza. Baba akang'ang'ania mkono wa kiti. Kaka akavuta, baba akagoma. Kisha akaachia, akakunja ngumi ya kushoto, akapiga ule mkono wa kiti mara tatu: ngo, ngo, ngo.

"Hodi," akasema. Hakuwa anamtazama kaka. Alikuwa anatazama matako ya Shangazi.

Na kaka, bila kufikiri, mikono yake ingali makwapani mwa mzee, akaitikia kwa sauti ya kuvuta ambayo sikuwa nimeisikia tangu tukiwa wadogo:

"Kaaaribu, Shangazi yupo."

Tulitazamana, yeye kule na mimi ndani ya gari, na nikajua kwamba anaona ninachokiona. Asubuhi za shule, sisi tumeshakaa viti vya nyuma na mabegi mapajani. Baba anazunguka nyuma ya gari, anagonga buti kwa ngumi, ngo, ngo, ngo, anaita, "Hodi, Shangazi!" Nasi tunaitikia kwa niaba ya Shangazi, tukicheka mpaka machozi, ndipo anakuja mbele kuwasha. Miaka yote ile tulidhani anatuchekesha.

Kaka alimwachia baba taratibu. Akazunguka nyuma ya gari.

"Wapi, baba?" akauliza. "Hapa?"

Baba akatikisa kichwa. Akaonyesha kwa kidole, chini zaidi, kushoto.

"Hapa?"

"Basi," akasema baba.

Kaka akakunja ngumi, akagonga mara tatu. "Hodi, Shangazi," akasema. Mimi niliitikia. Nikazungusha ufunguo nusu tu, na kutoka nyuma ukaja mlio mdogo wa haraka haraka, tik tik tik tik, ambao banda lile halikuwa limeusikia kwa miaka mingi.

Bisibisi alijishika kichwa. "Pampu. Ilikuwa inanata, haishtuki mpaka igongwe. Mimi nang'oa mabomba, kumbe mzee ananiambia kila siku, nami namkaribisha."

Nikawasha. Shangazi alikohoa, akatoa moshi mzito uliowatimua kuku, akashika. Nilipitisha gari getini kando ya lori lile, nikasimama barabarani, nikalia kwa mara ya pili mwezi huo. Mtu wa vyuma chakavu alipiga makofi, kisha akakunja minyororo yake bila kuambiwa.

Niliporudi uani, kaka alikuwa amesimama mbele ya kiti cha baba. Alinyoosha mikono amwinue tumpeleke garini, halafu akairudisha. Akachuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa. Akagonga mkono wa kiti, polepole.

"Hodi, baba."

Tulisubiri. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu augue sote kusubiri namna ile, bila kumjibia. Midomo ya baba ilitafuta, ikakosa, ikatafuta tena. Neno karibu hakulipata. Aliinua mkono wake mzima, akauweka begani mwa kaka, akamvuta.

"Nilidhani hayupo," kaka akaniambia baadaye, tukiwa njiani, yeye nyuma mahali pake pa zamani na baba mbele karibu nami.

"Mwambie mwenyewe," nikasema. "Amekaa hapa."

Akasogea mbele, akamwambia.