Maji Niliyoyachuja

"Kwa hiyo tuendelee kuchota?" Shangazi aliuliza, na ukumbi mzima ukamgeukia mtafiti.

Mimi nilikuwa nyuma, nimeegemea mlango. Mtafiti, ambaye sisi tulimwita Mama Mahesabu, alipandisha miwani, akatazama karatasi zake. Akasema kwa vipimo alivyonavyo, ndiyo, pale kwenye kona ya mto hapana shida. Shangazi akaninyooshea kidole mbele za watu.

"Maji ya kupimwa kayaleta huyu. Mwanangu huyu."

Nikatabasamu kama mjinga.

Shule niliacha kidato cha pili. Kukaa dawatini kulikuwa kunaniwasha mwili mzima. Kazi yangu kwa Mama Mahesabu ilikuwa kujaza chupa maji ya mto, vituo tisa, kuanzia bomba la kiwanda cha soksi mpaka darajani. Kiwanda kile kinatia unga wa fedha kwenye soksi, fedha ile ya pete, ili miguu isinuke. Chembe zake, ukizipanga elfu moja mstari mmoja, bado hazifikii unene wa unywele. Mama Mahesabu alitaka kujua zikiingia mtoni zinaishia wapi: zinaelea mpaka ziwani, au zinang'ang'ania tope na kulala chini. Alikuwa ameujenga mto wote ndani ya kompyuta, kona kwa kona, na chupa zangu ndizo zingesema kama kapatia.

Siku ya kwanza aliniambia, "Yachukue yalivyo." Basi. Nikaona kazi gani hii.

Nilipopeleka mzigo wa kwanza, fundi wa maabara aliinua chupa ya kona, nzito kwa tope, akaniuliza mbele ya wasichana wa mapokezi kama nimewaletea chai ya maziwa, na mbona sukari haionekani. Walicheka mpaka nikatoka nje. Toka siku hiyo nikawa nayachuja maji kwa fulana, yakiwa mazito nayachuja mara mbili. Chupa zikang'aa. Fundi akasema sasa kijana umeiva.

Nilifanya hivyo wiki kumi na moja.

Ningekuwa sijui, ningejisamehe. Lakini mwezi mmoja kabla ya ule mkutano nilimkuta Mama Mahesabu mbele ya kompyuta, macho mekundu. Mto wake ulisema pale kwenye kona chembe zimejaa; chupa zilisema karibu hamna kitu. Alihangaika siku nne. Mwisho akasema mto wa kweli hauna sababu ya kumdanganya, mkosaji ni yeye, akabadilisha namba zake zifuate chupa zangu. Kisha akanieleza taratibu, akichora mezani kwa kidole: chembe zikishika tope, ukiliondoa tope umeziondoa nazo. Hakunishuku. Alikuwa ananifundisha tu, kwa kuwa niliuliza.

"Nimeelewa, mama," nikasema. Na kweli nilielewa. Nikachukua kreti la chupa tupu nikaondoka.

Asubuhi baada ya mkutano nilimfuata ofisini, nikamwambia habari ya fulana nikiwa wima. Aliuliza chupa ngapi. Nikasema zote, ukitoa za mara ya kwanza. Alivua miwani, akaishika bila kuifuta.

"Nimewaambia wanywe," akasema.

Nilingoja anifukuze. Akavuta karatasi, akaanza kuandika barua kwa watu wa kona, na bila kuinua kichwa akaniambia yupo mmoja ambaye barua hii isimfikie kabla yangu.

Shangazi nilimkuta uani, ndoo tano zimejaa, ametoka kuchota. Nikamweleza yote, fulana, kompyuta, na ule mwezi niliokaa kimya. Alifunua ndoo ya kwanza, akaimwaga mtaroni. Akamwaga ya pili. Nilipoinama kushika ya tatu nimsaidie, akaivuta kwake.