Hatua Thelathini na Nne

Kadi ya hospitali ya Mama Bujiku ilikuwa na neno moja tu la ushauri: Apumzike. Daktari aliliandika mwaka 1994, akapiga mhuri, na mumewe, mzee Stanslaus, akaitunza kadi ndani ya mfuko wa nailoni kama hati ya shamba. Kwa miaka mitatu mama huyo hakufua, hakupika, hakuinuka kitini bila kushikwa. Hata chooni alibebwa mgongoni na mwanawe Bujiku, mwanaume wa miaka ishirini na sita.

Nilikuwa na miezi miwili tu kazini katika hospitali ya Ushetu, nikitokea Moshi nilikosomea tiba ya mazoezi ya viungo. Nilipomtembelea nyumbani na kuiona miguu yake ilivyosinyaa nilitaka kulia, halafu nikakasirika. Mapafu yake yaliharibiwa na moshi wa bani la kukaushia tumbaku, alikochochea moto miaka ishirini. Lakini miguu ile iliharibiwa na neno moja. Nilimwandikia yule daktari barua, nikaichana, nikaandika nyingine, nikaichana nayo.

"Mama, wewe mwenyewe unataka nini?" nilimuuliza.

Alivuta pumzi mara tatu kabla ya kujibu. "Kwenda chooni. Peke yangu."

Kutoka kwenye kiti chake hadi chooni zilikuwa hatua thelathini na nne.

"Daktari kaandika apumzike," alisema mzee Stanslaus.

"Baba, mapafu hayatarudi kama zamani. Ila miguu ikipata nguvu, pumzi aliyo nayo itamtosha."

"Akifia njiani, utamzika wewe?"

"Mwache afundishwe," jirani yao Euphrasia alidakia kwa kejeli kutoka ng'ambo ya ua wa minyaa. "Hospitali siku hizi inaleta mgambo wa kufundisha kwata majumbani. Binti, filimbi umesahau?"

Tulianza na kusimama na kuketi, mara tano. Kisha hatua tatu, kisha sita. Mzee Stanslaus alitufuata nyuma na kiti. Mkewe akihema tu, anamsukumia kiti nyuma ya magoti, mama anaketi. Nilisaga meno. Mtu anaweza kupendwa hadi akanyimwa miguu.

Siku ya tisa pumzi ilimkatikia, akanishika bega. Nikamwambia, "Kunja midomo, mama, puliza taratibu, kama unafufua moto."

Aliuondoa mkono begani mwangu.

"Moto?" Maneno yalimtoka moja moja. "Miaka ishirini napuliza moto. Tumbaku ikauzwa. Mimi nikabaki na kikohozi. Na wewe unaniambia nipulize moto?"

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. "Nisamehe, mama."

Alitema mate pembeni. Hasira yake ilikuwa kubwa kuliko yangu, na ilikuwa na haki zaidi. Baadaye akasema, "Bujiku akiwa mdogo nilimpoozea uji. Hivi." Akakunja midomo, akapuliza polepole, pumzi ndefu. Kifua kikatulia.

Tangu siku hiyo sikutaja moto tena. Nilisema tu, "Uji, mama," naye akapuliza.

Wiki ya saba, Jumatano asubuhi, aliinuka kabla sijamwambia. Kwenye hatua ya ishirini alisimama. Mzee Stanslaus akamkimbilia na kiti.

"Kiondoe."

"Mama Bujiku, kadi inasema..."

"Kikalie wewe na kadi yako."

Akapooza uji wake, akaendelea. Alisimama tena mara mbili. Akafika, akaingia, akashusha pazia la gunia.

Tulingoja. Euphrasia alichungulia juu ya minyaa. Muda ukapita, zaidi ya haja yoyote.

"Mama Bujiku?" aliita mzee. Kimya. Bujiku akapiga hatua kuelekea chooni, nami nikamfuata.

Ndipo tukasikia pumzi ikipulizwa, ndefu, na sauti kutoka nyuma ya gunia:

"Niacheni. Miaka mitatu sijakaa peke yangu."

Tukarudi nyuma, wote watatu. Mzee Stanslaus alikuwa bado amekikumbatia kile kiti.