Sarafu Pana ya Baba Mkwe

Mama mkwe wangu akikukuta na sufuria yenye masizi, anakunyang'anya na kuisugua mpaka ujione uso humo. Kwa hiyo aliponiletea kazini sarafu ya fedha ya marehemu mumewe, pana kama kisahani cha chai, imefungwa kwenye kitambaa kinachonukia sabuni, niliogopa keshaisugua.

Kazi yetu ni kukagua sarafu za kale, kuzipa daraja la ubora, kisha kuzifungia ndani ya vikasha vya plastiki visivyofunguka ila kwa kuvunjwa. Mimi ndiye mfungaji. Sarafu iliyosuguliwa hata mara moja hainyimwi kikasha, lakini daraja haipati. Kibandiko husema tu kwamba imesafishwa. Ndugu wa marehemu walimcheka hadi anakufa kwamba aliuziwa bati, na mama mkwe alitaka sarafu ipate daraja, waje walione sebuleni kwake. Nilikuwa nimemwonya kwa simu asiiguse. Alinijibu kwamba yeye si mtoto, na kwake jibu hilo linaweza kuwa na maana yoyote.

Mkaguzi wetu, tunayemwita Macho Manne, aliiinamia na lenzi yake. Akaigeuza, akaguna, akarudia upande wa kwanza. Nikajifanya natafuta kikasha kikubwa, maana vile vya kawaida visingeimeza.

"Ni fedha halisi," alisema mwishowe, "na haijaonja sabuni."

Nikakitoa kikasha kikubwa. Daraja lilikuwa zuri. Lingepanda zaidi, alieleza, kama si alama ya kidole gumba iliyoganda ukingoni. Angeweza kujaribu kuififisha kwa dawa. Mama mkwe akamwambia asithubutu.

Nikamuuliza harufu ile ya sabuni ilitoka wapi basi.

"Kitambaa nimefua, sanduku nimeosha, hata kabati nimelisugua," alisema. "Lakini hicho kidole ni cha baba yenu. Ningekioshaje?"

Nilikata pete ya sponji inayoitosha ili isichezecheze, nikafunika, mashine ikauma kingo za plastiki. Alipokipokea kikasha, aliweka kidole gumba chake juu ya ile alama. Alipokiondoa, akaona amechafua plastiki, akatoa kitambaa akaifuta vizuri.

Kisha akaweka kidole tena, na safari hii hakufuta.