Kikombe cha Tatu

Zenebech alikaanga buni hadi moshi ukajaa korido nzima ya ghorofa ya tatu, na hakutoka mtu. Miaka sita harufu ile ilikuwa ikiwatoa wote madukani. Leo magauni yaliyotundikwa milangoni yalisogezwa kidogo, macho yakachungulia, basi.

Jengo hili la mtaa wa Jeppe lilikuwa la madaktari. Wenyewe walipohama katikati ya Johannesburg, Wahabeshi wakaingia, wakagawa vyumba kwa mbao, wakajaza mablanketi na viatu. Kila duka lilibaki na sinki la daktari ukutani, na nyuma ya sinki ndipo watu walipoficha viatu vya nembo bandia. Jana polisi waling'oa masinki saba, yale yale yenye mzigo. Mengine hawakuyagusa.

Getahun, mwenyekiti wa wenye maduka, alikuja akasimama. Hakukaa.

"Dada Zene, polisi walikunywa kwako."

"Walikaa. Aliyekaa anamiminiwa. Mama yako alikufunza vingine?"

"Kikombe kimoja, sawa. Ukawapa na cha tatu! Cha baraka! Unawabariki kwa lipi?"

"Kahawa yetu ni vikombe vitatu. Nani anaikatiza njiani, kaka?"

"Mtu ambaye hajatuuza."

Zenebech aliweka birika chini. "Hayo masinki anayajua nani kama si msimamizi wa jengo? Juzi Swart kapita duka kwa duka, eti anatafuta bomba linalovuja. Umeona bomba lililotengenezwa? Duka likifungwa, si yeye anayelikata vipande viwili akapangisha wageni wapya?"

Getahun alitazama nyuma yake, akashusha sauti. "Swart ndiye mwenye funguo. Tukimgusa tutakwenda wapi? Kesho jiko lako lisiwepo hapa."

Kumbe alijua!

Getahun hajafika dukani kwake, Bwana Swart akapanda ngazi, funguo zikilia kiunoni. Akavuta kigoda.

"Nimenusa toka chini. Mimina, mama."

Alikuwa amekwisha kaa. Zenebech akamimina cha kwanza, akamimina cha pili. Alipomimina cha tatu, magauni ya korido nzima yalikuwa yamesogezwa pembeni.

Swart alikunywa taratibu, akatoa futi ya chuma ya kupimia mfukoni.

"Nasikia unatuhama. Hapa patatosha duka dogo. Hebu nishikie huku."

Zenebech akashika ncha, akaibana ukutani.

"Mmeona wenyewe Zene yuko upande wa nani," Getahun aliwaambia watu.